Ripoti Inapoishia: Jean-Christophe Rufin na riwaya zilizotoka katika kazi ya misaada

Wafanyakazi wa mashirika ya misaada ni watu wanaoandika sana. Anayedhani kazi yao ni kugawa unga na kuchimba visima basi, hajakaa na mratibu wa kambi saa nne za usiku, jenereta ikinguruma nje, akimalizia ripoti ya wiki, ripoti ya mfadhili, orodha ya waliopokea mgao na barua ya kuomba kibali kwa mkuu wa wilaya. Hata hivyo baadhi ya watu hao, wakisharudi makwao, huketi tena na kuyaandika upya mambo yaleyale, safari hii kama riwaya. Ni kitu gani ambacho karatasi zote zile hazikukisema?

Mimi naamini ni shaka. Ripoti ina nafasi ya idadi, ya changamoto, ya mapendekezo, hata ya kushindwa, ilimradi kushindwa kwenyewe kuwe na mpango wa kurekebisha. Haina nafasi ya mwandishi wake kusema kwamba huenda chakula alichokigawa leo kimemsaidia mwuaji kuliko kilivyomsaidia mwenye njaa, na kwamba kesho atakigawa tena kwa kuwa hajui la kufanya zaidi. Mtu akibaki na jambo hilo kifuani kwa miaka, atalitafutia mahali. Nataka kulieleza hili kwa kumfuata mtu mmoja, daktari Mfaransa Jean-Christophe Rufin, ambaye amepita pande zote: hema la tiba, ofisi ya shirika, wizara, ubalozi, na mwisho meza ya mwandishi wa riwaya.

Tuitazame kwanza ripoti, tuone riwaya inajibu nini. Mashirika mengi leo hufuata viwango vya pamoja vinavyoitwa Sphere, vilivyotungwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kila mtu apate walau lita 15 za maji kwa siku. Choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Chakula kifikie kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupimwa mzingo wa mkono wa juu kwa utepe wenye rangi: chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali, mtoto anaingizwa kwenye matibabu, kati ya 115 na 125 ni njano, zaidi ya hapo ni kijani, na mama huambiwa aende nyumbani.

Vipimo hivi vimeokoa watoto wengi na sina neno baya juu yake. Pasipo kipimo, mwenye sauti kubwa ndiye angehudumiwa kwanza. Ila utepe hauelezi kwa nini kituo kilijengwa upande huu wa mto na si ule ambako vita vinapiganwa. Hauelezi mama wa mtoto wa milimita 127 alifikiri nini njiani akirudi. Wala hauelezi askari wanaosimama hatua chache kutoka kwenye foleni wamemfuata nani. Mambo hayo mratibu anayaona kwa macho yake. Ila ripoti yake ina wasomaji wawili wenye nguvu, mfadhili anayetoa fedha na serikali inayotoa kibali, na kila sentensi lazima ipite mbele ya macho ya hao wawili. Kwa hiyo hukuti uongo humo. Unakuta ukimya, na ukimya huo mara nyingi una sababu nzuri kabisa: shirika likifukuzwa, kliniki inafungwa.

Rufin alizaliwa Bourges, katikati ya Ufaransa, mwaka 1952, akalelewa na babu na bibi yake. Babu alikuwa daktari aliyefungwa katika kambi ya Buchenwald wakati wa Vita Vikuu vya Pili kwa kuwaficha watu waliopinga utawala wa Wajerumani. Mjukuu naye akasomea udaktari, akabobea katika magonjwa ya mishipa ya fahamu, na angali kijana akajiunga na madaktari waliokuwa wakilijenga shirika la Médecins Sans Frontières, yaani Madaktari Wasio na Mipaka, ambalo kwetu tumelizoea kwa herufi zake tatu, MSF.

Shirika hilo lilizaliwa mwaka 1971 kutokana na ugomvi ambao unatuhusu. Vita vya Biafra, eneo la kusini-mashariki mwa Nigeria lililotaka kujitenga, kuanzia 1967 hadi 1970, viliwaleta madaktari wa Kifaransa Nigeria chini ya bendera ya Msalaba Mwekundu. Kanuni ya Msalaba Mwekundu ilikuwa kutibu na kunyamaza, ili milango isifungwe. Baadhi ya madaktari wale waliona kunyamaza mbele ya watoto wanaokufa kwa njaa ya kuzingirwa ni kushirikiana na anayezingira, wakarudi Paris na kusema. Hapa nasi tulikuwa na msimamo wetu: Tanzania ya Mwalimu Nyerere ndiyo iliyokuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Lakini fundo lilikuwa limeshafungwa. Picha za watoto wale zilikuwa za kweli, na papo hapo zilikuwa silaha ya viongozi wa Biafra, waliokuwa na kampuni ya kueneza habari zao kutoka Geneva. Daktari aliyesema kweli alijikuta pia amesema kile ambacho upande mmoja wa vita ulitaka kisemwe. Kizazi cha Rufin kilirithi shirika pamoja na fundo hilo.

Vyeo vyake vya baadaye navitaja upesi: makamu wa rais wa MSF mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshauri katika Wizara ya Ulinzi ya Ufaransa, rais wa Action contre la Faim, shirika la kupambana na njaa, kuanzia 2002 hadi 2006, balozi nchini Senegal kuanzia 2007 hadi 2010, na mwaka 2008 alichaguliwa kuingia Académie française, baraza la lugha ya Kifaransa. Wasifu kama huo humvutia mwandishi wa magazeti. Mimi kinachonivuta ni Ethiopia ya miaka ya 1980, kwa sababu nikisoma vitabu vyake naona kila mara anarudi kwenye swali aliloachiwa na nchi ile.

Dunia iliijua njaa ya Ethiopia kupitia jicho la mtu wa Nairobi. Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni yake ya picha Dar es Salaam mwaka 1963, alifika Korem, mji wa kaskazini mwa Ethiopia, na kamera yake Oktoba 1984 pamoja na mwandishi wa BBC, Michael Buerk. Tarehe 23 ya mwezi huo picha zikaonyeshwa Uingereza, kisha ulimwenguni kote. Fedha zikamiminika. Tarehe 13 Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Naamini mpaka leo kwamba kazi ya Amin ilikuwa kazi kubwa na ya haki. Watu wengi wanaishi kwa sababu alibeba kamera ile mpaka pale.

Lakini picha ilionyesha njaa kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni. Ukame ulikuwepo, ndiyo. Kulikuwa pia na vita. Jeshi la mtawala wa nchi, Mengistu Haile Mariam, lilikuwa likipigana na waasi wa EPLF huko Eritrea na wa TPLF huko Tigray, na katika maeneo hayo biashara ya nafaka ilibanwa, masoko yakapigwa mabomu, wakulima wakashindwa kwenda kutafuta vibarua walikozoea kwenda miaka mibaya. Mkulima wa kaskazini alijua namna ya kuuvuka ukame. Babu zake waliuvuka mara nyingi. Njia za kuuvuka ndizo zilizofungwa.

Kisha ukaja mpango wa makazi mapya. Mwishoni mwa 1984 serikali ilitangaza kwamba itawahamisha watu milioni 1.5 kutoka nyanda kavu za kaskazini kwenda kusini-magharibi kwenye ardhi yenye mvua. Kufikia mwanzoni mwa 1986 takriban watu 600,000 walikuwa wameshahamishwa. Ukiusoma mpango kwenye karatasi unaona maendeleo. Waliokuwepo waliona watu wakikamatwa, mume akipakiwa leo na mke akiachwa, malori na ndege zikijazwa watu wasio na nguvu ya kusimama. Kuwaondoa watu kaskazini kulikuwa pia njia ya kuwanyima waasi wakulima waliokuwa wakiwalisha. Sasa fikiria kama mkuu wa wanamgambo aliyepewa idadi ya watu wa kutimiza. Utawapata wapi maelfu ya wanakijiji dhaifu, mahali pamoja, wasioweza kukimbia? Utawapata kwenye kituo cha chakula.

Kwa hiyo kituo kilichojengwa kuokoa watu kikawa chambo. Waliokuwa na uji, mahema na madaktari waliwavuta watu kutoka milimani, na askari wakawachukua hapo.

MSF ya Ufaransa ilisema hadharani, na Desemba 1985 ikafukuzwa nchini. Ilikadiria kwamba uhamishaji ule uliua watu hadi 100,000; hesabu hiyo imebishaniwa sana tangu hapo. Mashirika mengine mengi yalibaki na kunyamaza, na ni makosa kuwaita waoga. Hoja yao ilikuwa nzito: ukiondoka, mtoto aliyelazwa leo atakufa wiki hii, na huyo una uhakika naye, wale unaotaka kuwaokoa kwa kusema, huna uhakika nao hata kidogo. Tena dunia ilikuwa katika Vita Baridi, na kila neno dhidi ya Mengistu lilipokewa kwa furaha Washington. Waliosema walijibu kwamba mtoto aliyelazwa leo ndiye atakayepakiwa kwenye lori kesho akipata nguvu kidogo, na kwamba fedha za tamasha, dola na pauni za watu wema, ndizo zinazoiwezesha serikali kufanya hayo.

Mimi nimezipima hoja hizi mara nyingi na kila mara naegemea kwa waliosema. Lakini naegemea nikijua kwamba mimi sikuwa na mtoto mikononi.

Rufin alifanya kazi Ethiopia katika miaka hiyo, upande wa tiba, na Action contre la Faim. Mwaka 1986 alichapisha kitabu cha kwanza juu ya somo hili, Le Piège humanitaire, yaani mtego wa misaada. Si riwaya. Ni kitabu cha uchambuzi, na hoja yake ni kali: kambi za wakimbizi zinazolishwa na kulindwa na jumuiya ya kimataifa zimekuwa maficho ya wapiganaji. Aliwataja Khmer Rouge wa Kambodia mpakani mwa Thailand, Wa-Contra, waasi wa Nicaragua, nchini Honduras, Waafghani nchini Pakistan. Mpiganaji anavuka mpaka, mke na watoto wake wanalishwa kambini, naye anapumzika, anaandikisha vijana, anarudi vitani.

Miaka minane baadaye sisi wa Maziwa Makuu tuliyaona hayo kwa ukubwa usio na mfano. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania ndani ya muda wa saa 24 hivi, wakajaa Benaco, wilaya ya Ngara. Julai zaidi ya nusu milioni wakaingia Goma katika siku chache, na kipindupindu kikawapukutisha kwa maelfu. Miongoni mwao walikuwemo waliopanga na kutekeleza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Viongozi walewale wa vijiji na tarafa walisimamia tena watu wao kambini. Waliandika orodha, wakapokea mgao, wakaugawa watakavyo, wakauza sehemu yake na kununua silaha. Mwishoni mwa 1994 MSF ya Ufaransa iliondoka katika kambi hizo. Wengine walibaki, kwa hoja zilezile za Ethiopia, karibu neno kwa neno. Mtu wa Ngara au wa Goma aliyekuwa mtu mzima wakati ule hahitaji kuelezwa maana ya mtego wa misaada. Aliona malori yakipita mlangoni kwake.

Sasa linakuja swali ambalo kwangu ndilo kiini. Kama Rufin alikwisha kuyasema yote haya mwaka 1986, kwa hoja na mifano, kwa nini mwaka 1999 alichapisha riwaya, Les Causes perdues, kuhusu jambo lilelile? Riwaya hiyo, ambayo baadaye ilichapishwa tena kwa jina la Asmara et les causes perdues, inatokea Asmara, mji wa Eritrea iliyokuwa bado chini ya Ethiopia, mwaka 1985. Kikundi cha vijana wa Kifaransa wa shirika la misaada kinafika kulisha wenye njaa, na polepole wanagundua kwamba chakula chao kinatumika kuwanasa watu wa kuhamishwa. Waondoke au wabaki? Ilipata tuzo ya fasihi ya Interallié mwaka huohuo ambao MSF ilipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Sidhani Rufin alipanga iwe hivyo, lakini napenda kwamba mwaka wa sifa kubwa kuliko zote kwa kazi ile ulikuwa pia mwaka wa riwaya hii yenye maswali mazito.

Uchambuzi lazima uamue. Mwandishi wake anasimama upande mmoja, anaushinda mwingine kwa ushahidi, anafunga. Riwaya inaweza kuwaweka watu wawili chumba kimoja, wote wakiwa na haki, na isimnyang'anye yeyote haki yake. Mwenye kutaka kubaki si mjinga, ana mgonjwa anayemjua kwa jina. Mwenye kutaka kuondoka si katili, ameyaona malori. Msomaji analazimika kuishi nao kurasa nyingi kabla ya kuchagua, na akichagua anajua amemwacha nani. Uchambuzi wa 1986 ulinifanya nikubaliane naye. Riwaya ya 1999 ilinifanya nielewe kwa nini watu wema hawakukubaliana, na kwa anayetaka kuielewa kazi ya misaada hilo la pili lina faida zaidi.

Uamuzi wake mkubwa wa kisanaa ni kuhusu nani asimulie. Njia rahisi ilikuwa kumpa simulizi daktari kijana wa Kifaransa, yaani yeye mwenyewe wa zamani. Hakufanya hivyo. Msimulizi ni mzee wa Kiarmenia, Hilarion Grigorian, mkazi wa Asmara, ambaye ukoo wake umeishi Afrika kwa vizazi. Anawatazama vijana wanavyofika na furaha yao, na imani yao kwamba historia imeanza siku waliyotua uwanja wa ndege. Mzee amekwisha kuona Waitaliano, Waingereza, mfalme na wanamapinduzi wakija na kuondoka. Kwa jicho lake mtoa msaada anakuwa kitu cha kutazamwa. Kwa kawaida yeye ndiye mtazamaji, na mwenye njaa ndiye mtazamwa. Kubadili kiti tu kumebadili kila kitu: tunaona jinsi nyumba waliyopanga inavyobadilisha mtaa, jinsi mapenzi na upweke vinavyoingia katika maamuzi wanayodai ni ya kanuni.

Lakini Hilarion bado si mkulima wa Tigray. Rufin alisogea hatua moja kutoka kwenye nafsi yake, akaishia kwa mgeni mwingine aliyekaa muda mrefu. Naliona hilo kama uaminifu, kwa maana hakujifanya anasema kwa kinywa cha mtu asiyemjua vya kutosha. Na bado ni upungufu, kwa sababu aliye kwenye foleni anabaki bila sauti mpaka kurasa za mwisho.

Jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulichanganya: riwaya inayotoka katika kazi ya misaada si lazima iwe na hema, malori meupe wala fulana ya shirika. Riwaya ya kwanza ya Rufin, L'Abyssin ya mwaka 1997, inasimulia habari za Jean-Baptiste Poncet, daktari Mfaransa wa Cairo. Poncet alikuwepo kweli. Alifika Gondar, mji mkuu wa Ethiopia wakati ule, mwaka 1699 kumtibu mfalme Iyasu. Katika riwaya, dawa zake zinamfungulia mlango ambao hakuna balozi wala padri angeufungua, na nyuma yake wamejipanga wenye shida zao: mfalme wa Ufaransa, Wajesuiti wanaotaka kuigeuza dini ya nchi. Daktari anagundua kwamba imani aliyopewa na mgonjwa ni mali ambayo wengine wanataka kuitumia. Swali hilo ni la Korem na Asmara, limepelekwa nyuma miaka karibu 300.

Rouge Brésil, riwaya iliyopata Goncourt, tuzo kubwa ya fasihi ya Ufaransa, mwaka 2001, inakwenda hivyohivyo kwenye msafara wa Wafaransa ulioongozwa na Villegagnon kuelekea ghuba ya Guanabara, Brazil, mwaka 1555. Walibeba dini, sheria na nia ya kuwafanyia wenyeji mema, wakaishia kuchinjana wao kwa wao juu ya dini. Wahusika wakuu ni watoto wawili yatima, Just na Colombe, waliochukuliwa ili wajifunze lugha ya wenyeji na kuwa wakalimani. Nilipoisoma sikuweza kuacha kuwafikiria vijana wa kambi zetu wanaochukuliwa kazi hiyohiyo kwa sababu tu wamewahi kukaa darasani.

Kwa nini apeleke mbali hivyo? Kwanza, mtu aliyewahi kutibu watu anazo siri zao, na siri hizo si mali yake. Ukihamisha kisa kwenda karne nyingine unabeba swali na kuacha uso wa mgonjwa. Pili, tukisoma habari za Ethiopia ya 1985 tunafika na maoni yetu tayari mkononi kuhusu Mengistu na nchi za Magharibi. Gondar ya 1699 haina mtu wa kumtetea, hivyo tunasikiliza.

Kwenye Check-point ya mwaka 2015 alirudi kwenye zama zake. Msafara mdogo wa malori ya misaada unavuka Bosnia wakati wa vita. Ndani yake wamo msichana mwenye nia safi na wanaume waliowahi kuwa askari wa kulinda amani. Inagundulika kwamba si kila kilichopakiwa ni chakula na nguo. Baadhi yao wamefikia uamuzi kwamba anayeshambuliwa hahitaji blanketi, anahitaji kushinda. Rufin anayajua hayo kwa karibu. Mwaka 1994, akiwa mshauri wizarani, alishughulikia kuachiliwa kwa Wafaransa 11 wa shirika la Première Urgence waliokuwa wameshikwa na Waserbia wa Bosnia. Naiona riwaya hii kuwa na haraka zaidi ya nyingine, na mapenzi yake hayakunishawishi. Lakini inagusa jambo ambalo kila mwenye jamaa Goma analijua leo: kuna siku mtu anayepewa unga anauliza kwa hasira kwa nini hapewi ulinzi.

Wako wengine waliopita njia hii. Mwingereza Helen Fielding, kabla hajapata jina kwa vitabu vyake vya kuchekesha kuhusu msichana wa London, alitengeneza filamu za habari Afrika kwa ajili ya Comic Relief, shirika la Uingereza la kuchangisha fedha za misaada, na riwaya yake ya kwanza, Cause Celeb ya mwaka 1994, inatokea katika kambi ya wakimbizi ya nchi ya kubuni, ikiuliza kama watu mashuhuri wa televisheni wanaweza kuleta chakula kwa wakati. Inafaa kusomwa baada ya kufikiria Live Aid.

Hatari ya aina hii ya uandishi ilitajwa vizuri na Binyavanga Wainaina wa Kenya katika insha yake ya mwaka 2005 kuhusu jinsi ya kuiandika Afrika. Kwa kejeli kali, miongoni mwa wahusika ambao mwandishi wa kigeni hakosi kuwaweka alimtaja Mwafrika mwenye njaa, anayezurura kambini karibu uchi akiusubiri wema wa Magharibi. Mtu huyo hana jina, hana historia, hana mzaha na jirani yake. Yupo ili mgeni apate uchungu. Riwaya yoyote iliyoandikwa na mtu wa misaada naipima kwa hilo kwanza: je, kuna mtu kwenye foleni anayetaka kitu kingine zaidi ya chakula?

Jibu lililo kamili kuliko yote ninayoyajua lilitoka upande wa pili wa mkono unaotoa. Msomali Nuruddin Farah, katika riwaya yake Gifts ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, anamsimulia Duniya, muuguzi wa Mogadishu anayelea watoto wake na asiyependa kupokea kitu bila kulipa, hata kama ni kupandishwa tu kwenye gari la mtu. Kandokando ya maisha yake zinapita habari za magazeti kuhusu shehena za misaada zinazoletwa Somalia. Farah hahubiri. Anatuonyesha mwanamke anayejua kwamba kila kilichotolewa kina kamba, kisha anatuacha tuitazame nchi nzima kwa jicho lake. Rufin aliujua mtego kwa upande wa aliyeutega bila kukusudia. Farah anaujua kwa upande wa aliyenaswa na bado ana heshima zake.

Katikati ya pande hizo mbili kuna watu ambao vitabu huwapita haraka sana: dereva, mkalimani, karani wa ghala, muuguzi wa kuajiriwa, mlinzi wa lango. Ndio walio wengi katika kila shirika, na ndio wanaokufa zaidi. Umoja wa Mataifa ulihesabu wafanyakazi wa misaada zaidi ya 380 waliouawa mwaka 2024, na karibu wote walikuwa wenyeji wa nchi walizofanyia kazi. Mgeni akimaliza mkataba wake huenda zake na mambo aliyoyaona. Karani wa ghala anabaki mtaa mmoja na waliopata na waliokosa. Anajua orodha ilipindishwa wapi na na nani. Anajua pia ni nani aliyepindishiwa kwa huruma. Mkalimani amesema kwa kinywa chake mwenyewe maneno ya pande zote mbili: ombi la mama na kukataa kwa ofisa.

Najua sababu zinazowanyamazisha. Mkataba una kipengele cha siri, ajira ni adimu, na jamaa zao wanaishi papo hapo. Ndiyo maana njia za Rufin naziona zina manufaa kwao kuliko kwa mwandishi wa Paris: kuhamisha kisa kwenda nchi ya kubuni au karne nyingine, kumpa simulizi mtu aliyesimama kando, kuwapa wanaopingana haki sawa, na kusubiri mpaka wahusika wa kweli wasiweze kutambuliwa. Kati ya Asmara ya 1985 na riwaya ya 1999 ilipita miaka 14. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, ilifunguliwa 1992, Nyarugusu, Tanzania, mwaka 1996. Wakalimani wa miaka ile ya kwanza wameshasubiri mara mbili ya hiyo, na Kiswahili walichokuwa wakikitafsiri mchana kutwa kinatosha kabisa kuibeba riwaya hiyo.